Bi Nadine wa Jukwaa la Kumi na Mbili

Kwa misimu ishirini na miwili hakuna mtu aliyeketi katika jukwaa la kumi na mbili kabla Bi Nadine Krupa hajampangusia kiti. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi hapa Harlan Falls, na nusu ya wachezaji wa zamani, polisi, na hata mameneja wa uwanja walikula maharage yake wakiwa wadogo. Alipostaafu jikoni, uwanja ndio uliobaki. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mfupi, mwenye sauti inayofika safu ya mwisho bila kipaza sauti.

Mimi nilihudumu jukwaa la kumi na nne, ndilo lililofuata, maana upande wetu majukwaa yalikuwa ya namba shufwa tu. Kati yangu na yeye palikuwa na ngazi tu, kwa hiyo haya ninayosimulia mengi niliyaona kwa macho yangu, na mengine alinieleza mwenyewe.

Timu yetu ya besiboli, Herons, haikuwa kubwa. Vijana waliokuja kuichezea walikuwa ama wanapanda kwenda timu za juu ama wanashuka kurudi makwao, na sisi tuliwapenda hivyo hivyo. Uwanja wenyewe ulikuwa mdogo na watu waliusifia kwa hilo: unakaa karibu na mchezaji mpaka unamsikia akitema mate. Wavu wa kukinga watazamaji ulisimama nyuma ya mpigaji, ukaja upande wetu mpaka mwisho wa jukwaa la kumi, ukakomea hapo. Kumi na mbili lilikuwa wazi.

Mpigaji akiwahi kidogo kuzungusha gongo, mpira hauendi mbele, unachomoka pembeni. Na ukichomoka hivyo hauji kama mpira wa kurushiana. Unakuja kama jiwe la kombeo. Bi Nadine aliwahi kuona mfupa wa bega ukivunjika, meno ya babu mmoja yakimwagika kwenye bisi zake, mama mjamzito akikinga tumbo kwa mkono na mkono ukavunjika. Kinga aliyokuwa nayo ni mdomo wake. “Macho mbele, mpenzi! Baba, weka simu! Dada, mgeuze mtoto aone mchezo!” Kutwa nzima, mpaka sauti inakauka.

Aliandikia ofisi barua saba kuomba wavu urefushwe. Bwana Trent Halloran, meneja wa uwanja, alimjibu zote kwa adabu: wenye tiketi za msimu hawataki. Na hilo lilikuwa kweli. Mzee Ferris, ambaye alikaa safu ya kwanza tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alikuwa akimtania mbele ya watu.

“Nadine, nasikia bado unataka kutufungia kizimbani. Nimekuja kutazama mchezo, sikuja kuchungulia kama kuku!”

“Wanaokaa nyuma ya mpigaji wanachungulia kwenye wavu, Mzee Ferris, na viti vyao ni ghali kuliko chako.”

“Hao hawajui mchezo. Wanakuja kula.”

“Na siku ukipigwa?”

“Nina glovu. Asiye na glovu akakae nyumbani afume soksi.”

Watu wakacheka. Bi Nadine naye akacheka, maana Ferris alikuwa mtu wa kuchekesha. Kisha akageuka akaanza tena: “Dada, mgeuze mtoto.”

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa saba, mchana, joto la kutoa watu jasho hata wakiwa wamekaa. Juu kabisa kwenye mabenchi ya bati yasiyo na paa alikaa dereva wa malori ya masafa marefu, Wendell Stachura, pamoja na binti yake Marnie, miaka tisa. Wendell alikuwa nyumbani siku mbili katika kila kumi. Mke alishaondoka, na mtoto alilelewa na shangazi yake baba akiwa barabarani. Ile ilikuwa siku yao.

Raundi ya tatu Bi Nadine alipanda juu na chupa za maji, akamwona mtoto uso umeiva kama nyanya.

“Baba, huyu mtoto utamrudisha nyumbani amekaushwa. Njooni huku chini. Nina viti viwili kivulini, wenyewe hawajaja.”

“Mama, tiketi zetu si za huko.”

“Huko polisi ni mimi. Haya, twende.”

Wendell akacheka, akamshika mtoto mkono, wakashuka. Walipita mbele yangu kabisa. Bi Nadine alinikonyeza, nami nikatikisa kichwa kama mtu anayesema, wewe mama wewe. Akawapangusia viti, safu ya tatu. Nilimsikia akiwaambia, “Hapa mpira hauji kwa hodi. Macho mbele, sawa?” Mtoto akajibu, “Sawa, bibi.” Wote wawili walikaa wakatazama kweli. Kwa raundi tatu nzima walitazama kuliko mtu yeyote katika jukwaa lile.

Raundi ya sita Marnie alikuwa anakula mkate wa soseji. Haradali ikamdondokea kwenye fulana mpya ya Herons. Akasema, “Baba, nipe tishu.” Wendell akainama upande wake, akachomoa tishu mfuko wa nyuma, akageuza uso kumfuta.

Nilisikia gongo. Nilimsikia Bi Nadine akianza kusema “Mpira,” na neno halikufika mwisho.

Mpira ulimpata Wendell jicho la kushoto. Mimi niliyekuwa nimesimama pembeni naweza kusema jambo ambalo yeye hakuliona: kama asingeinama vile, ungempata mtoto kichwani. Hakupiga kelele. Aliteleza akakaa chini kati ya viti, damu inapita kati ya vidole vyake, akawa anauliza, “Marnie yuko wapi? Marnie yuko wapi?” na Marnie yuko palepale, amemshika mkono wa shati. Kwa mkono mwingine mtoto alikuwa anafuta haradali. Alifuta, akafuta, hata ilipokuwa imekwisha aliendelea kufuta.

Mchezo ulisimama dakika kumi na moja. Kijana aliyeupiga ule mpira alipiga magoti pale pale na kofia usoni. Machela ikaja. Mtangazaji akatuomba tupige makofi, tukapiga. Bi Nadine alimbeba mtoto, mtoto mkubwa wa miaka tisa, akapanda naye gari la wagonjwa. Nikabaki na majukwaa mawili. Watu wawili wakaja na mpira wa maji wakaosha viti, na mchezo ukaendelea. Raundi ya nane mtu na mchumba wake wakashuka kutoka juu wakakalia viti vile vile, bado vibichi. Mimi niliwaona. Nikawaacha wakae.

Jicho halikupona. Jumanne madaktari walilitoa.

Alhamisi tuliitwa ofisini, mmoja mmoja. Bwana Halloran alikuwepo, pamoja na mwanasheria wa klabu, binti mpole aliyenikaribisha kahawa. Mimi nilitangulia.

“Ulikuwa jukwaa la jirani,” binti akaniambia. “Uliona familia ile ilivyofika kwenye viti vile?”

Halloran alikuwa anatazama dirishani. Nilikuwa na misimu kumi na moja pale. Nikasema, “Nilikuwa natazama uwanja.”

“Hukuona wakishuka?”

“Sikuona.”

Akaandika. Nikatia sahihi. Nilipotoka nilimkuta Bi Nadine kwenye kiti cha nje, mkoba mapajani, akaniuliza, “Wanauliza nini?” Nikamwambia, “Vitu vya kawaida tu.”

Yaliyompata ndani alinieleza kesho yake. Halloran alivuta kiti akakaa karibu naye. “Nadine, hapa tunakulinda wewe. Ukiandika kwamba walishuka wenyewe, mambo yanaishia nyuma ya tiketi.” Nyuma ya tiketi zetu palikuwa na maandishi madogo: anayeingia amekubali hatari ya mpira kutoka uwanjani.

“Hawakushuka wenyewe. Niliwaita.”

“Lilikuwa joto kali. Siku kama ile mtu anaweza kuchanganya mambo.”

“Trent, nilikupakulia chakula ukiwa darasa la pili. Usinifundishe nakumbuka nini.”

“Basi angalau fikiria,” Halloran akasema. “Ukisema uliwaita, lawama inakuja kwako. Unaelewa? Kwako wewe, si kwa klabu.”

Bi Nadine akakunja karatasi bila kuitia sahihi, akaitia kwenye mkoba, akatoka.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda dukani, kisha kwa jirani yake kutumia oveni kwa sababu yake ilikuwa mbovu, akaoka viazi kwa jibini, akabeba sahani ya moto mpaka kwa Wendell Stachura. Shangazi alifungua mlango, akampisha. Wendell alikuwa mezani jikoni na bandeji nusu ya uso. Alipotaka kuweka kikombe chini alikiweka pembeni mwa meza, kikaanguka. Hakikuwa cha kwanza. Palikuwa na vipande vya kingine kwenye ndoo.

“Kazini wanasemaje?” Bi Nadine akauliza, maana hakupata la kuanzia.

“Wamenipigia leo. Kwa upole sana, mama. Malori yale yanataka macho mawili, ndiyo sheria. Miaka kumi na saba naendesha, sijakwaruza hata kioo cha mtu.”

“Wendell, ni mimi niliyekushusha kule chini.”

“Najua. Nilikuwepo.”

“Ningewaacha mlipokuwa…”

“Mtoto angezimia kwa jua.” Kisha akasema, “Mama, kama umekuja kuniomba msamaha, tafadhali usiniombe. Sina mahali pa kuuweka. Nikianza kukusamehe wewe itabidi nitafute wa kumchukia, nami sasa hivi nguvu hiyo sina.”

Ndipo sauti ikatoka mlangoni. Marnie alikuwa amesimama pale na soksi tu miguuni, mikono ameificha nyuma. “Si yeye, Baba. Mimi ndiye niliyetaka tishu.”

“Nimemwambia,” Wendell alimwambia Bi Nadine. Sauti ilikuwa imekwisha. “Kila asubuhi namwambia. Namwambia si kosa lake, ni mimi ningeangalia mbele. Hasikii.” Akalaza kichwa mezani, upande wa jicho zima, akakaa hivyo.

Shangazi alimsindikiza Bi Nadine mpaka kwenye gari. Akamweleza kwamba tangu Jumapili mtoto anakula mkate mkavu na biskuti tu. Chakula chochote cha mchuzi, cha kuchafua, anakisukuma mbali. Ananawa mikono mpaka imepasuka.

Hayo Bi Nadine alinieleza ndani ya gari lake, kwenye maegesho ya uwanja, injini imezimwa na mikono yake bado iko kwenye usukani. “Tulikuwa watu wanne kwenye jiko lile dogo,” akasema, “na watatu tunagombea kosa. Baba anasema yeye angeangalia mbele. Mtoto anasema tishu. Mimi nasema ni mimi. Hebu niambie, walioamua wavu uishie pale, hivi sasa wanasema nini majumbani kwao? Wanasema chochote?”

Karatasi niliyotia sahihi ilikuwa mezani kwa mwanasheria, ghorofa moja juu yetu.

“Unajua,” akaendelea, “nimekaa miaka yote nikiwaambia watu macho mbele. Nikidhani nawalinda. Kumbe nilikuwa naisaidia ofisi. Mtu akipigwa, si aliambiwa? Aliambiwa na Nadine. Lakini nani anaweza kukaa saa tatu na mtoto asimgeukie hata mara moja? Mzazi gani huyo?”

Aliandika ukurasa mzima kwa mkono wake. Kwamba aliwaita yeye. Kwamba aliwaita kwenye viti ambavyo barua saba zake zilisema si salama, na kwamba aliyejua hivyo na bado akawaita ni yeye, na waliojua hivyo na bado wakauza viti vile ni klabu. Akaupeleka ofisini Jumatatu.

Herons walirudi nyumbani Jumamosi ya wiki hiyo hiyo, mchezo wa mchana. Milango ilipofunguliwa Bi Nadine alikuwa kichwani mwa ngazi ya kumi na mbili, sare imepigwa pasi. Familia ya kwanza ilikuja na mapacha wadogo.

“Karibuni sana. Kabla sijawapangusia viti niwaambie kitu. Wiki mbili zilizopita baba mmoja alitolewa jicho safu ya tatu pale. Alikuwa mwangalifu kama ninyi. Alimgeukia mwanawe kumpa tishu, basi. Wavu mnauona unapoishia? Mkitaka kukaa nitawasafishia. Mkitaka nyuma, juu kuna nafasi.”

Yule mama akatazama wavu, akatazama viti, akatazama mapacha. “Juu,” akasema.

Familia ya pili ikaenda juu. Ya tatu ikarudi langoni kudai hela zao. Vijana wawili wakacheka wakakaa. Wazee wengine wakasema wanajua, wakakaa. Bi Nadine hakumzuia mtu, hakupaza sauti. Alirudia maneno yale yale kwa kila mmoja kama mtu anayesoma orodha ya dawa. Mchezo ulipokaribia kuanza, safu nne za mbele zilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto.

Mzee Ferris akasimama akageuka. “Nadine! Leo umelogwa? Unafukuza watu!”

“Simfukuzi mtu. Nawaambia kilichotokea, wanachagua. Wewe umechagua, kaa.”

“Unawatisha!”

“Hata mimi nimetishika, Ferris.” Hakumwita mzee. “Sijalala tangu siku ile. Wewe umelala?”

Ferris akakaa chini.

Halloran alishuka na walinzi wawili, vijana ambao hawakutaka kumtazama. “Nadine, twende ofisini.”

“Mniambie hapa.”

“Umemaliza kazi. Nipe beji, tafadhali. Usinifanye nikushike mkono mbele ya watu.”

Akaivua beji, akampa. Halloran akanigeukia: “Wewe, chukua na kumi na mbili.” Bi Nadine akanikabidhi kitambaa chake cha kupangusia viti, kilichoshonwa kama glovu. Nikakipokea. Watu walikuwa wanatazama, nami nikakivaa.

“Uwe unapiga kelele mapema,” akaniambia. “Mimi nilichelewa.”

Akapanda ngazi peke yake, walinzi nyuma yake. Kuna mtu alipiga makofi mahali fulani juu, mmoja tu, akaacha.

Kesi ya Wendell dhidi ya klabu ilifika kwa jaji wa kaunti majira ya kuchipua. Haikufika mbali. Sheria ya mambo haya ni ya zamani kuliko sisi wote: anayekwenda kutazama besiboli anajua mipira hutoka, na klabu ikishaweka wavu nyuma ya mpigaji imetimiza wajibu. Ukurasa wa Bi Nadine ulisomwa. Wakili wa klabu akasema wema wa mhudumu mmoja aliyekiuka utaratibu wa viti si agizo la klabu. Akasoma pia kwamba mhudumu wa jukwaa la jirani hakuona lolote. Jaji alisema anasikitika sana, akaifuta. Bi Nadine alikuwa amekaa nyuma ya Wendell. Wakati wa kutoka Wendell alijigonga kwenye mlango, upande asioona, na Bi Nadine akanyoosha mkono kumshika, akaurudisha.

Msimu mmoja baadaye viwanja vikubwa vilikuwa vinarefusha nyavu, na wakubwa wa ligi yetu wakaagiza na sisi turefushe. Wavu mpya ulifungwa mpaka mwisho wa jukwaa la kumi na sita. Siku ya ufunguzi mwenye klabu alisimama katikati ya uwanja akasema usalama wa familia zetu ndio uliokuwa wa kwanza siku zote. Hakumtaja mtu. Mzee Ferris alinung'unika michezo mitatu, wa nne akasahau kwamba wavu upo. Mwezi wa sita mpira ulichomoka upande wetu, ukapiga wavu usawa wa kichwa cha msichana aliyekuwa anachora, ukaanguka. Hata hakuinua kichwa.

Niliingia chooni nikalia.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Bi Nadine. Hakuwa amekanyaga uwanjani tangu siku ile. Alikuwa bustanini anafunga miche ya maharage kwenye vijiti, amekonda mpaka shingo inacheza ndani ya kola. Nilimweleza kuhusu wavu, na msichana yule, na jinsi mpira ulivyoanguka.

“Umefika jukwaa la ngapi?” akauliza.

“Kumi na sita.”

Akafunga mche mwingine.

“Bi Nadine, mimi niliwaona siku ile. Ulivyowashusha. Niliulizwa nikakana.”

“Najua. Nilikukonyeza, si ulitikisa kichwa?”

“Kwa nini hukunitaja?”

“Nilingoja useme mwenyewe.” Aliinuka taratibu, mkono kiunoni. “Hukusema.”

Nikamwambia ninaweza kuandika sasa. Akasema kesi imekufa, karatasi yangu haitamrudishia mtu chochote. Kisha akasema, “Lakini andika. Umpelekee Wendell mwenyewe, si mimi.”

Niliandika mezani kwake. Niliandika kwamba niliwaona wakiitwa, niliwaona wakitazama mchezo bila kuondoa macho, na kwamba kama baba asingeinama kwa ajili ya tishu ile, angepigwa mtoto. Hilo la mwisho sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Wendell sasa anapanga maboksi kwenye ghala la matairi. Nilimkuta nje ya nyumba yake. Alisoma ameisogeza karatasi upande wa kulia, midomo inatikisika. Alipofika mwisho alirudia mistari ile ya chini, mara mbili, labda tatu.

“Hili la mtoto ni kweli?” akauliza. “Usinidanganye kunifurahisha.”

“Ni kweli. Nilisimama pembeni. Niliona mstari wa mpira.”

“Na umelikalia miaka miwili.”

“Ndiyo.”

Nilidhani atanipiga, na ningemwacha. Aliikunja karatasi, akageuka, akafungua mlango. Nilimsikia ndani akiita, “Marnie, njoo, mwanangu. Njoo usome kitu.” Mlango ukafungwa, nami nikabaki barabarani, sijui kama mtoto alikuja.